Mwenye Pingamizi Aseme

Nchi yetu ni salama. Naanza na hilo kwa sababu sheria inataka kila mazungumzo yaanze na hilo, na pia kwa sababu ni kweli kabisa. Jina la nchi nimeshauriwa nisilitaje, kwa ajili ya usalama huohuo. Langu nitalitaja, maana kila mtu wa Kata ya Mnadani analijua: Sudi Ndomba, mpiga mbiu wa Serikali, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila siku ya gulio napanda juu ya pipa la mafuta katikati ya soko, nashika kipaza sauti, nasoma matangazo. Sauti yangu inafika mpaka kwenye mabanda ya dagaa. Wapo wanaosema inafika mpaka machinjioni, lakini mimi si mtu wa kujisifu.

Lazima nieleze kidogo Sheria ya Uwazi, msije mkasema Sudi kawachanganya. Zamani wakubwa walikuwa wakipitisha mambo kimyakimya. Unaamka asubuhi, uwanja wa mpira umekuwa nyumba ya mtu. Watu wakanung'unika. Mtukufu Rais akakasirika kwa niaba yetu, akaamuru kwamba hakuna jambo litakalofanyika nchini bila kutangazwa hadharani magulio matatu mfululizo. Nikishasoma jambo nauliza mara tatu, mimi na si mtu mwingine yeyote, "Mwenye pingamizi aseme!" Watu wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba kila aliyekuwepo sokoni amekubali na kuthibitisha, sawasawa na aliyetia sahihi. Mtu akisema, ataje jina lake, anapoishi, alikuwa wapi jambo lilipotokea, na nani alimwona.

Hakuna anayesema. Kodi ya chumvi ilipita kwa kimya. Mtukufu kuzaliwa mara mbili kwa mwaka kulipita kwa kimya. Mwaka wangu wa pili alitokea mwalimu mmoja akanyoosha kidole juu ya paa la shule. Akaitwa ofisini aeleze alikuwa wapi paa lilipoezuliwa. Mpaka leo bado anaeleza. Tangu hapo watu wa Mnadani wamekuwa waelewa sana.

Sasa nije kwa Hamduni Msumari, na hapa mtaniwia radhi nikishusha sauti. Simfahamu sana. Namfahamu kama kila mtu anavyomfahamu: ukimwona anakuja, unakumbuka kuna kitu umesahau nyumbani. Siku moja ya gulio, saa tisa mchana, jua linawaka, aliingia duka la dawa la Bwana Pandu akataka vidonge vya usingizi, kopo zima. Pandu akamwomba cheti cha daktari. Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu, mtu wa utaratibu. Msumari akamtoa nje kwa kola na kumpiga kwa jiwe la mizani mbele ya soko zima. Pandu akafa siku ya tatu.

Polisi walifika upesi, siku ya nne. Wakauliza nani ameona. Ikagundulika kwamba saa ileile watu wote mia tatu na kumi na wawili waliokuwepo sokoni walikuwa wameinama kufunga kamba za viatu. Polisi walishangaa kidogo, maana wengi walikuwa na kandambili, lakini waliandika. Mimi nilikuwa juu ya pipa, hatua ishirini kutoka pale, ila nilikuwa nasoma tangazo la chanjo ya mbuzi. Nilikuwa nalisoma kwa makini sana.

Aliyesema ameona alikuwa mmoja tu, Salha Mwinyikondo, mshona mashuka, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka la Pandu. "Nimemwona kwa macho yangu haya," aliwaambia polisi, "na yeye kaniona namwona." Msumari akachukuliwa, akakaa ndani siku mbili, akatoka. Sheria yetu iko wazi: shahidi mmoja ni mtu mwenye maoni. Ushahidi huanzia wawili.

Siku aliyotoka alipita kibandani kwa Salha, mpole kabisa, akasalimia, akachagua shuka jeupe. Akalikunjua mbele yake, akalipima kwa macho juu chini.

"Dada," akasema, "hili linamtosha mtu wa urefu wako?"

Msumari akaondoka na shuka lake kwapani. Nimeuliza ofisini kama hilo ni kosa, nikaambiwa hapana. Kununua shuka ni biashara, na biashara ni uhai wa taifa.

Msidhani Serikali ilikaa kitako. Tunayo Idara ya Wenye Hofu na Walioathirika, na katani kwetu inasimamiwa na Mheshimiwa Kwangulo, mtu mwema, mnene, mwenye leso ya kujifutia machozi wakati wa hotuba. Yeye ndiye aliyempelekea mjane wa Pandu Cheti cha Kuathirika, Daraja la Pili. Mjane aliuliza kwa nini si la kwanza. Mheshimiwa akamweleza kwa upole kwamba la kwanza ni la marehemu, na lazima aje kulichukua mwenyewe.

Salha alikuja ofisini asubuhi ya pili baada ya lile shuka. Mimi ndiye niliyekuwa najaza fomu, maana mwandiko wangu nao unasifika. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono imeshikana mapajani, na kila mlango ulipogongwa alishtuka.

"Karibu, mama, jisikie nyumbani," alisema Mheshimiwa Kwangulo. "Unaogopa?"

"Naogopa, mheshimiwa."

"Kiasi gani? Kidogo, wastani, au kujikojolea?"

"Mheshimiwa!"

"Ni fomu, mama, si mimi. Sudi, andika wastani, tumstahi. Haya, mahali utakapofichwa?"

Salha akatutazama mmoja mmoja. "Si ninyi ndio mtakaonificha?"

"Serikali haimpangii mwananchi pa kujificha. Hizo enzi zimepita. Siku hizi tunashirikisha."

Akainama, akanong'ona kana kwamba ukuta una masikio: kwa shangazi yake, kijiji cha Kisimani, nyumba ya tatu baada ya kisima. Mheshimiwa akanigeukia. "Umepata, Sudi? Gulio lijalo utaitangaza."

"Ataitangaza wapi?" Salha akauliza.

"Sokoni, mama, wapi tena? Ni siri ya Serikali hiyo. Hatuwezi kuitunza kienyeji, lazima ipite kwenye utaratibu." Akamfunga kifuani kadi ya njano yenye maandishi MWENYE HOFU, herufi kubwa, ili walinzi wamtambue kwa urahisi popote alipo. Salha akaitazama ile kadi kifuani mwake na midomo yake ikawa myeupe. Nikamwambia imempendeza. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Gulio la kwanza nilitangaza vizuri sana, kila neno na haki yake. Msumari alisimama mstari wa mbele akila karanga. Nilipofika kwenye Kisimani akanyoosha mkono.

"Kaka, samahani, kuna kelele za kuku. Nyumba ya ngapi baada ya kisima?"

"Ya tatu," nikasema. Ndiyo kazi yangu. Anayeuliza hujibiwa.

"Ahsante sana. Na mlango unatazama wapi?"

Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Lakini Mheshimiwa Kwangulo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya mwavuli, alisema hoja hiyo ni ya msingi na itafanyiwa kazi.

Gulio la pili Msumari aliweka pingamizi. Pingamizi! Soko lilipoa kama uji uliosahaulika. Akataja jina lake, akataja anapoishi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwenda shule kwamba jambo lilipotokea, yaani Salha alipoomba kufichwa, yeye alikuwa nyumbani ametulia, na mama yake alimwona. Kisha akatoa hoja. Kisimani ni mbali. Kuna milima miwili. Yeye ana goti bovu. Na kwa kuwa yeye ndiye anayeogopwa, bila yeye hili jambo lisingekuwepo, hivyo ni mdau mkuu, na mdau mkuu hawezi kutengwa.

Kamati ya Ulinzi Shirikishi ilikaa nyuma ya ofisi kwa nusu saa, ikarudi ikimpongeza. Pingamizi lilikuwa na mashiko. Ikaamuliwa Salha Mwinyikondo afichwe kwenye ghala kuukuu la pamba, hatua mia moja kutoka nyumbani kwa mpingaji, mlango mmoja, usio na komeo kwa ajili ya urahisi wa ukaguzi. Atahamishwa Alhamisi inayofuata gulio la tatu, saa kumi jioni, kwa miguu. Nikapewa karatasi, nikaisoma palepale. Salha alikuwa amesimama karibu na wauza vitunguu, kadi yake ya njano kifuani, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogea pembeni, kila upande, akabaki peke yake kwenye duara.

Mchana wa mkesha wa gulio la tatu alinijia nyumbani. Nilikuwa nafuta kipaza sauti kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Hakukaa.

"Kaka Sudi, kesho usisome."

"Nini?"

"Usiposoma mara ya tatu, ombi langu linakufa. Likifa, sina pa kufichwa, na asiye na pa kufichwa anaweza kwenda kokote. Najua pa kwenda. Hata wewe sikwambii."

"Dada Salha, nisiposoma nitaulizwa nilikuwa wapi."

"Ulikuwa juu ya pipa," akasema. "Siku ile ya Pandu. Ulikuwa unasoma habari za mbuzi, ukaacha katikati. Soko zima lilisikia ulivyoacha. Uliona, kaka Sudi. Uliona kuliko mimi, maana wewe uko juu."

Nikapandwa na hasira. Nasema ukweli, na naona haya kuusema. Nilimwambia ana maneno mengi, aende zake, kwangu asirudi, mimi ni mdomo tu, mdomo hauna macho. Akanitazama kidogo. Akaondoka. Nikarudi kukifuta kipaza sauti ambacho kilikuwa tayari safi, nikakifuta mpaka kitambaa kikakauka.

Kesho yake nikapanda pipa. Msumari alikuwa mbele, mahali pake, safari hii hana karanga. Alikuwa na lile shuka jeupe, limekunjwa vizuri, liko kwapani. Nikafungua karatasi, nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Hata pumzi. Nikajaribu tena. Kavu! Wapo waliokuja kusema baadaye kwamba nilifanya ushujaa. Uongo mtupu. Niliogopa, basi. Niliogopa mpaka sauti ya miaka kumi na tisa ikanikimbia kama panya anavyokimbia nyumba inayoungua.

Salha akaniona. Kwa muda mdogo sana nikaona matumaini usoni mwake.

Mheshimiwa Kwangulo akasimama chini ya mwavuli wake. "Ndugu wananchi! Mpiga mbiu amepatwa na koo. Lakini tangazo si la mpiga mbiu, ni lenu! Bila shaka mnalikumbuka. Asiyekumbuka tangazo la Serikali tutapenda kumfahamu." Akatabasamu. "Haya, Salha Mwinyikondo atafichwa wapi?"

Kimya. Kisha kule kwa wauza vitunguu mtu mmoja akasema taratibu, "Ghala la pamba." Mheshimiwa akaweka mkono sikioni.

"Ghala la pamba!" wakaitikia kumi.

"Lini?"

"Alhamisi!" Sasa walikuwa mia.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi jioni!"

"Mlango una komeo?"

"Hauna!" Soko zima liliitikia, wazee kwa watoto, macho yamewatoka, kila mmoja akipaza sauti kuliko jirani yake asije akaonekana ndiye asiyekumbuka. Mama anayemuuzia Salha maziwa aliitikia. Mwenye nyumba wake aliitikia. Mheshimiwa akatoa leso, akasema machozi haya ni ya furaha, hajawahi kuona mwamko wa namna hii. Ombi likahesabiwa limetangazwa na umma wenyewe, na pingamizi lake lilishasikilizwa gulio lililopita. Limekwisha.

"Funga, Sudi," akaniambia.

Karatasi yangu, kama karatasi za vikao vyote vya nchi hii, mwishoni ina neno moja: Mengineyo. Hapo ndipo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuleta jambo lake, nalo hupita siku hiyohiyo bila kungoja magulio matatu. Kwa miaka kumi na tisa nimelisoma huku nakunja karatasi, maana hajawahi kutokea wa kulitumia. Nikalinong'ona hata siku ile. Mazoea.

Salha akaja mbele. Watu wakampisha, kama walivyozoea kumpisha. Akapanda pipani kwa kushika suruali yangu, akanipokonya kipaza sauti.

"Mimi ni Salha Mwinyikondo. Nasema siku ile ya gulio, saa tisa mchana, Hamduni Msumari alimpiga Bwana Pandu kwa jiwe la mizani, mara nne, hapo mlangoni pake. Na nasema kila aliyesimama hapa leo aliona."

"Mama, mama!" Mheshimiwa alikuwa amesimama. "Hilo halimo kwenye ajenda."

"Mengineyo, mheshimiwa."

Mheshimiwa akainyakua karatasi mkononi mwangu, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Limo. Mtu wa utaratibu hana pa kukimbilia neno likiwa limo. Lakini akamtazama Msumari na uso ukamchangamka, maana mpingaji yupo. "Basi mpiga mbiu aulize pingamizi, tumalize."

Salha akanirudishia kipaza sauti. Nisipouliza, jambo lake linakufa pale pale, na Alhamisi ni kesho kutwa. Msumari akanitazama, akalitoa shuka kwapa la kulia akalihamishia la kushoto. Nilitaka kushuka. Nilitaka kuugua, nianguke, nibebwe. Nikatazama mlango wa duka la dawa, umefungwa kwa ubao, nikakumbuka kwamba Pandu hakutamka hata neno baya siku ile. Alisema tu, "Cheti, ndugu yangu." Nilimsikia. Nilikuwa juu.

"Mwenye pingamizi aseme," nikasema. Sauti ya jogoo mgonjwa.

Kimya.

"Mwenye pingamizi aseme."

Msumari akanyoosha mkono. Mheshimiwa akashusha pumzi kwa sauti. "Naam, ndugu mpingaji! Jina na makazi tunayo. Ulikuwa wapi siku hiyo saa tisa mchana?"

"Nyumbani."

"Safi kabisa. Na nani alikuona?"

Mama yake siku ya gulio huuza mkaa kule chini, na siku ile ya Pandu alikuwa amekaa pale pale mbele ya magunia yake, kila mtu anajua. Msumari akageuka kuwatazama watu. Hakuwa na haraka. Alijua mtu atatokea, hajawahi kukosa mtu. "Nani aliniona nyumbani?" akauliza. Akamtazama muuza dagaa. Muuza dagaa akainama kufunga kamba za viatu. Akamtazama mama wa maziwa, akainama. Akamtazama jirani yake mwenyewe wa ukuta mmoja, naye akainama. Soko zima likainama, mia tatu na ushee, migongo tu. Na si kwa ushujaa, nawaambia mimi niliyekuwa juu. Walikuwa wanaogopa kumsema, na wanaogopa kumtetea, na hawakujua kitu kingine cha kufanya.

"Hoja haijathibitishwa," Mheshimiwa akasema kwa huzuni.

Nikauliza mara ya tatu. Hakuna aliyesema. Nikasema, "Imepita."

Kwa mujibu wa sheria, kila aliyekuwepo alikuwa ameona na kuthibitisha. Mheshimiwa Kwangulo alihesabu migongo mwenyewe mara mbili, akitumaini imepungua. Mia tatu na kumi na wanne, na mimi. Polisi walimchukua Msumari bila mabishano, ila alipofika kwenye gari alisimama akatutazama polepole, kutoka mwanzo wa soko mpaka mwisho, kama anayetaka kutushika kichwani wote. Gari lilipoondoka hakuna aliyeshangilia. Msumari ana kaka wawili na binamu sita. Na mlango wa gereza letu tunaujua, haujawahi kumsumbua anayetaka kutoka.

Kesho yake asubuhi foleni ya ofisi ilizunguka jengo mara moja na nusu. Fomu za wenye hofu zikaisha kabla ya saa nne. Kadi za njano zikaisha, wakakata za makaratasi. Watu walinipita bila kunisalimia, na muuza dagaa akaniambia usoni, "Umetuponza, Sudi. Umetuponza wote." Nilikuwa na kadi yangu mwenyewe mfukoni, na nilikuwa nimepita njia ya nyuma ya machinjio ili nisionekane.

Salha hakuwepo kwenye foleni. Nilimkuta kibandani kwake, cherehani inakwenda, shuka la wodini limemjaa miguuni. Alinisogezea kigoda kwa mguu bila kuacha kushona. Nikakaa mgongo ukiwa ukutani, macho yangu barabarani.

"Dada Salha," nikamwambia, "naogopa."

"Hata mimi."

"Soko zima linaogopa. Hakuna aliyelala. Kila mtu anatazama nyuma yake."

Akaukata uzi kwa meno, akaligeuza shuka.

"Afadhali," akasema. "Mwezi mzima nilikuwa naogopa peke yangu."